Elimu ya Bure na Ujira wa Mwalimu

Liko swali linaloulizwa kwa sauti ndogo katika mji wa Arusha, na katika miji mingine mingi ya bara, kila inapofika zamu ya kuchangia madrasa: je, mtu afundishaye vijana dini yao apewe ujira au asipewe? Huulizwa kwa sauti ndogo kwa kuwa kila mtu huona haya kulijibu. Akisema apewe, huchelea kuonekana ameifanya dini bidhaa ya sokoni. Akisema asipewe, itampasa aeleze mwalimu huyo na watoto wake watakula nini. Basi walio wengi huchagua kunyamaza. Kimya nacho ni jibu, na jibu hilo lina gharama yake, ila gharama hiyo hubebwa na mtu mmoja tu, naye ndiye mwalimu.

Nakusudia kulitazama swali hili kwa marefu kidogo, maana naona si swali la fedha tu. Ndani yake mna swali la sadaka yenyewe: kitu kinapotolewa bure, nani hasa aliyekitoa? Mimi ni mwalimu kwa kazi yangu. Nafundisha lugha, nami hupokea mshahara mwisho wa mwezi, wala sijapata kumsikia mtu akisema kwamba mshahara huo umeitia sarufi unajisi. Afundishaye hisabati jioni kwa malipo hasemwi vibaya. Mzazi humtafuta, hubembeleza nafasi, na hulipa kabla ya somo la kwanza. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani peke yake ambaye, akinyosha mkono, huambiwa kwamba ujira wake uko mbinguni.

Mpita njia katika mitaa ya Ngarenaro, Kaloleni, Levolosi au Unga Limited wakati wa alasiri haachi kukutana na watoto waliotoka shule, wamevua sare na kuvaa kanzu na mitandio, wanakwenda na juzuu zao mkononi mpaka baraza la msikiti, au chumba kimoja nyuma ya duka, au kivuli cha bati lililoinuliwa kwa miti minne. Mwisho wa juma huwa zamu ya vijana wakubwa, wavulana na wasichana wa sekondari, ambao haja yao imepita kusoma herufi. Wao hutaka kuuliza juu ya ndoa, juu ya riba, juu ya rafiki wa dini nyingine, juu ya yale wanayoyaona katika simu zao. Aghalabu mahali kama hapo huendeshwa na chama kidogo cha hisani chenye mwenyekiti, katibu, mhazini, muhuri na daftari la risiti. Chama hutangaza kwamba elimu yake hutolewa bure, nacho hakisemi uwongo: mtoto hadaiwi kitu. Lakini mfuate mwalimu wake asubuhi. Utamkuta soko la Kilombero akiuza nguo za mitumba, au juu ya pikipiki akipeleka abiria Sakina na Kijenge. Na alasiri inapomwita huiacha biashara saa ile ile ambapo wateja wanatoka kazini. Kwa hesabu ya daftari la chama, elimu ile haikugharimu kitu. Kwa hesabu ya mwalimu, imegharimu saa mbili zilizo bora katika siku, siku tano kwa juma, mwaka mzima.

Neno bure katika lugha yetu ni la kuchunga. Kitu cha bure ni kisicholipiwa. Kazi bure ni kazi isiyozaa kitu. Na mtu bure ni mtu asiyefaa kwa lolote. Sisemi kwamba wazee waliotuachia lugha waliketi barazani wakatunga falsafa juu ya jambo hili. Lakini mwenye kutumia neno moja kwa mambo haya yote hana budi kujihadhari, maana akili ya msikilizaji huteleza upesi kutoka katika maana ya kwanza hadi katika ya pili, na kutoka katika ya pili hadi katika ya tatu.

Pwani, ambako ndiko dini hii ilikoingia nchini petu kwanza, swali hili halikuwa na haya nyingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa na Velten huko Ujerumani mwaka 1903, aeleza jinsi mtoto alivyopelekwa chuoni na jinsi ada ya mwalimu ilivyofuata hatua za masomo yake. Katika miji mingi ya pwani ilikuwako pia senti ya Alhamisi, nayo khitima mtoto alipomaliza msahafu. Juu ya hayo, wanafunzi walimtekea mwalimu maji, walimwokotea kuni, na pengine walimlimia shamba. Desturi ile ilikuwa na ubaya wake, sina haja ya kuuficha: bakora ilikuwa nyingi, na wako watoto waliomaliza miaka shambani kwa mwalimu kuliko mbele ya ubao. Walakini haikuwa na unafiki. Hapana aliyejifanya kuamini kwamba mwalimu hula hewa.

Zaidi ya ada, pwani ilikuwa na wakfu. Mtu alikufa akaacha minazi kumi, au nyumba, au kisima, na mapato yake yakaendelea kuwalisha watu wa msikiti na chuo baada ya yeye kuoza. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambao sifa yake haitengani na jina la Habib Saleh aliyefariki mwaka 1935, ulisimama juu ya wakfu na michango ya namna hiyo. Na kwa sababu hiyo uliweza kuwafungulia mlango wa elimu watu waliokuwa wakidharauliwa mjini, wakiwamo wale waliotoka utumwani na watoto wao. Wenye nasaba wengine hawakupendezwa. Natazama tukio hilo kwa heshima kubwa, kwa maana laonyesha kwamba elimu ya bure kwa mnyonge ni jambo liwezekanalo kweli kweli, pale ambapo mtu mwingine amekwisha kulipa.

Sasa yatupasa tuingie katika neno la dini yenyewe, maana wale wakatazao ujira hawasemi kwa uchoyo tu, wana hoja. Neno ujira limetujia kutoka Kiarabu, na huko linashirikiana shina moja na neno la thawabu itokayo kwa Mungu. Katika Sura ya Ash-Shuaraa wanatajwa Mitume 5, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Nuhu hadi Shuaibu, kila mmoja akiwaambia watu wake kwamba hawaombi ujira. Tena imepokewa habari ya Ubada bin Samit, aliyewafundisha baadhi ya watu maskini wa msikiti wa Madina kuandika na kusoma Kurani, na mmoja wao akampa zawadi ya upinde. Mtume alipoulizwa alimwonya vikali asiuchukue. Hoja hizi ni nzito, na mtu mwenye adabu hazipiti kwa mbio.

Lakini upo upande wa pili, nao umepokewa vile vile. Wako masahaba waliosafiri, wakamsomea Fatiha mkubwa wa kabila aliyeumwa na nge, wakapewa kundi la kondoo; walipoona shaka wakamwuliza Mtume, naye akawakubalia. Yuko mtu maskini aliyeozwa mke kwa mahari ya kumfundisha Kurani aliyoihifadhi, kwa kuwa hakuwa hata na pete ya chuma. Nao mateka wa vita vya Badri, mwaka 624, wasiokuwa na mali ya kujikomboa lakini walijua kuandika, inasimuliwa kwamba waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina, na kufundisha kwao kukahesabiwa kuwa fidia. Habari hii ya mwisho hunishangaza kila niikumbukapo. Kazi ya kuwafundisha watoto kuandika iliwekwa katika mizani na uhuru wa mtu mzima, na mizani ikasimama.

Wanazuoni waligawanyika. Abu Hanifa alikataza kulipwa kwa kufundisha Kurani. Malik na Shafii walijuzisha, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumekulia katika madhehebu ya Shafii. Lakini lenye mafunzo zaidi ni lile lililowapata wafuasi wa Abu Hanifa wa zama za baadaye. Nao walijuzisha! Hawakujuzisha kwa kugundua aya mpya. Walitazama wakaona kwamba hazina ya dola, ambayo zamani iliwapa walimu masurufu, imekoma kuwapa. Na kwamba walimu wakiendelea kufundisha bila kitu watakwenda kulima na kuchuuza, na Kurani itakosa msomeshaji. Basi hukumu ilibadilika kwa sababu chungu kilibadilika. Katazo la kwanza lilikuwa na maana mahali ambapo mwalimu alikwisha kula kwa mlango mwingine. Imepokewa kwamba Khalifa Umar aliwapa walimu watatu waliofundisha watoto Madina dirhamu 15 kila mmoja kwa mwezi. Mtu akichukua katazo la zamani, akaliondoa mahali penye dirhamu 15, akalipeleka mahali pasipo na dirhamu hata moja, hajafuata mafundisho ya wazee. Amebeba nusu ya mzigo na kuiacha nusu njiani.

Al-Ghazali ndiye mwanachuoni atajwaye mara nyingi na wale wapendao mwalimu asilipwe, maana katika kitabu chake kikubwa, Ihya, ameliweka jambo la kutotaka ujira miongoni mwa wajibu wa mwalimu. Tena aliyatenda aliyoyasema: mwaka 1091 aliwekwa kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, kazi yenye fahari na mshahara, na mwaka 1095 akaiacha na kwenda zake Sham. Lakini watajao habari hiyo husahau jambo moja dogo ambalo yeye mwenyewe amelieleza katika maelezo ya maisha yake. Alipoigawa mali yake, alibakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake, na alijitetea kwa kusema kwamba mali ya Iraki ni wakfu wa masilahi ya Waislamu, basi mwanachuoni aweza kujipatia humo riziki ya aila yake. Huyu ndiye mtu mkali kupita wote katika jambo hili. Aliacha cheo, aila yake hakuiacha na njaa.

Najua pia kisa kisimuliwacho juu ya wanazuoni wa ng'ambo ya mto Oksasi. Waliposikia kwamba Baghdad zimejengwa madrasa zenye mishahara, waliweka matanga ya kuililia elimu. Walisema kwamba tangu sasa itatafutwa na watu duni kwa ajili ya posho. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Mshahara huwavuta wasiofaa pamoja na wanaofaa. Lakini nimewahi kujiuliza, wazee wale waliokaa matanga, mashamba yao yalilimwa na nani?

Basi yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: bei ya elimu na masurufu ya mwalimu. Elimu ya dini haina bei, kwa maana hapana mtu aimilikiye hata aiuze. Aya haipungui kwa mwalimu inapofika kwa mwanafunzi. Lakini alasiri ya mwalimu ina mwenyewe, nayo hupungua. Saa aliyompa mtoto wa jirani hakumpa wake. Amlipaye hanunui aya. Amemfidia mtu kwa siku yake, ili siku hiyo iweze kutolewa tena kesho.

Arusha jambo hili ni zito kuliko Lamu au Unguja, na sababu yake iko katika historia ya mji. Arusha haikukua juu ya minazi ya wakfu. Ilikua kando ya boma la Wajerumani, lililojengwa karibu na mwaka 1900 baada ya vita walivyowapiga Waarusha na Wameru, na Waislamu wake wa kwanza walikuwa askari, wapagazi na wafanya biashara waliofuatana na boma hilo. Reli ilipofika mwaka 1929 ilileta wengine kutoka Tanga na Moshi. Wakaja Warangi kutoka Kondoa, Wanyaturu, Wasomali, Waarabu, na Wahindi wa jamaa mbalimbali. Kila mmoja alikuja na dini yake kichwani na mikono mitupu. Mashamba ya mlimani yalikuwa ya wenyeji, na mengine yalikwisha kutwaliwa na walowezi. Mtu aliyepanga chumba Kaloleni angeweka wakfu gani? Hivyo chuo cha Arusha tangu mwanzo kiliishi kwa mchango wa mkononi, na mchango wa mkononi una tabia ya kupenda vionekanavyo. Mtu hutoa kwa furaha mfuko wa saruji, bati, zulia, kipaza sauti. Vitu hivi hubaki, na mtoaji akipita aweza kumwonyesha mwanawe: lile bati ni letu. Nani awezaye kumwonyesha mwanawe masurufu ya mwalimu ya mwezi uliopita? Yamekwisha kuwa unga na mafuta ya taa, yameliwa.

Ndiyo maana yako majengo mazuri yasiyo na mwalimu kwa muda wa mwaka, na hapana mtu ashangaaye.

Upo mfano wa kutazama katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa juhudi za Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa tatu. Msaada wake ulikuwa na sharti la namna yake: kwa kila shilingi ambayo Waislamu wa mahali wangeikusanya, naye angeongeza shilingi. Misikiti na shule nyingi zilijengwa kwa kanuni hiyo katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Alikuwa imamu wa Waismailia, na wengi wa waliosaidiwa walikuwa Sunni. Hakuwataka wahame madhehebu yao. Hilo ni la kusifiwa. Lakini zaidi nasifu ile shilingi ya kwanza. Mzee aliyetoa shilingi yake kabla hajapata ya pili alikuwa mshirika, si ombaomba. Aliweza kuingia shule ile na kuuliza mambo. Walakini kanuni hiyo nayo ilikuwa na upungufu. Ilihesabu matofali vizuri kuliko ilivyohesabu miaka. Ukuta hulipwa mara moja. Mwalimu hulipwa kila mwezi, na mwezi hauna mwisho. Mwaka 1968 jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania, na mali zake zikakabidhiwa BAKWATA, baraza lililoundwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mabishano juu ya tukio hilo hayajesha, wala si shabaha yangu hapa. Nalitaja kwa jambo moja tu: kilicho na kichwa kimoja mbali na miguu yake chaweza kukatwa kwa siku moja.

Watu wa Mlima Meru wanayo elimu ya jambo hili katika mikono yao. Mvua nyingi hunyesha upande wa kusini wa mlima, na mito, Themi, Nduruma, Malala na mingineyo, hushuka na maji ambayo hapana mtu aliyeyaumba. Maji hayo ni ya Mungu, yasema kila kinywa. Lakini migomba na kahawa hazinyweshwi na mto. Hunyweshwa na mfereji, na mfereji umechimbwa. Tangu kabla ya boma, Waarusha na Wameru wamekuwa na mifereji yenye wazee wake, yenye zamu zake za maji, na siku zake za kutoka watu wote kuzibua matope na kuziba mahali palipobomoka. Asiyetoka hutozwa faini, au hukosa zamu. Hapana mtu aliyewahi kuona kwamba faini hiyo ni kuuza maji ya Mungu. Wala hapana aliyewahi kusema kwamba, kwa kuwa maji ni bure, basi mtu mmoja mwenye imani nyingi auzibue mfereji wote peke yake kila mwaka, na malipo yake atayaona ahera.

Katika miteremko hiyo hiyo, Walutheri nao wana desturi ambayo jirani yao Mwislamu aweza kuitazama bila ya kuhama dini. Muumini asiye na fedha huleta kanisani mkungu wa ndizi, au mayai, au kuku. Baada ya ibada hupigwa mnada hapo nje, na bei hupanda kupita ya soko kwa sababu wanunuzi wanajua wananunua nini. Kuku mmoja aweza kununuliwa, kurudishwa, na kununuliwa tena. Katika fedha za namna hii mwinjilisti hupata posho yake. Naye, akisimama kuhubiri, hahesabiwi kuwa mfanya biashara.

Yako mapingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni la fukara. Ukiweka ada, utamfukuza yatima na mtoto wa mama auzaye mboga. Na huyo ndiye aliyekuwa akihitaji chuo kuliko wote. Ni kweli, na hapa ndipo chama cha hisani hupata kazi yake ya haki. Serikali ilipotangaza elimu bila ada kuanzia Januari 2016, kutoka awali hadi kidato cha nne, haikuwaambia walimu wake wafundishe kwa thawabu. Ada iliondolewa mlangoni pa mzazi ikapelekwa katika kodi, mshahara haukuondolewa. Mwenye kutaka kumwondolea fukara mzigo hana budi kuuweka mahali pengine, na sadaka ndiyo mahali hapo. Lakini chama kikimwondolea fukara na tajiri pamoja, kikamwachia mwalimu mzigo wa wote wawili, basi mwalimu huyo, ambaye pengine ni maskini kuliko wazazi nusu, amefanywa mfadhili wa watoto wa wenye maduka. Hiyo ni sadaka iliyopindukia miguu juu.

La pili ni la uhuru: amlipaye mpiga ngoma ndiye achaguaye wimbo. Mwalimu akilipwa na tajiri mmoja, au na mfuko wa nchi ya mbali, itakuwaje siku mlipaji atakapotaka somo ligeuke? Pingamizi hili ni kubwa, nami sina njia ya kulimaliza. Natoa jawabu moja tu: mwalimu asiyelipwa hayuko huru zaidi. Yeye ndiye rahisi wa kununuliwa, kwa kuwa hajanunuliwa bado na mtu yeyote. Ajaye na mshahara na vitabu tayari vilivyochapwa humkuta mlango wazi. Lakini aliyeajiriwa na nyumba 60, kila moja kwa fedha kidogo, hawezi kuamrishwa na nyumba moja. Na ajapo mgeni na fedha nyingi, nyumba zile zina haki ya kuuliza, kwa sababu zimekuwa zikilipa.

Na vijana je? Maana ni kwa ajili yao maneno yote haya. Mwalimu mwenye miaka 30 na watoto watatu, mwenye elimu ya Kiarabu na fikihi, akichoka huondoka. Huenda Dar es Salaam, au hushika biashara moja kwa moja. Mahali pake hukaa kijana aliyemaliza msahafu juzi, mwenye moyo mzuri na elimu ya juzi. Watoto wadogo watatosheka naye. Wale wa sekondari hawatatosheka, na kijana aliyekosa mwalimu mtaani hakosi mwalimu: atampata ndani ya simu. Atamsikiliza mtu aliye maelfu ya maili, mwenye sauti ya radi, ajibuye swali moja kwa jibu moja kwa ulimwengu mzima. Asiyejua kwamba muulizaji anaishi ua mmoja na Wakristo, na kwamba mama yake mdogo ameolewa na Mlutheri wa Tengeru. Mwalimu wa Ngarenaro angeyajua hayo kabla ya swali kumalizika. Elimu ya namna hiyo, ya kumjua anayeuliza, haichapwi wala haitumwi. Hukaa ndani ya mtu, na mtu huyo hula.

Tena kuna jambo ambalo wazazi hulinong'ona lakini vyama havipendi kulisikia. Mwalimu wa bure haulizwi. Akichelewa, utamwambia nini? Akimpiga mtoto kupita kiasi, mzazi hujizuia, kwa kuwa aona aibu kumlaumu mtu anayemfadhili. Akifundisha makosa, hapana mkaguzi. Shukrani imefunga vinywa vyote. Mwenye kulipwa aweza kuambiwa: saa imepita, fimbo hii hatuitaki, tuonyeshe mtoto amefika wapi. Wadhanio kwamba ujira humshusha mwalimu hawajatazama upande huu. Ujira humpa yeye haki ya kudai, na humpa mzazi haki hiyo hiyo. Watu wawili wanaodaiana hutazamana machoni.

Nimeulizwa na rafiki mmoja aliye mhazini wa chama cha namna hii: je, kiasi gani? Nilimwambia tuchukue kalamu. Tuseme chuo kina watoto 60, na 15 kati yao ni yatima au wa nyumba zisizoweza. Nyumba za watoto 45 zikitoa shilingi 500 kwa juma kwa kila mtoto, ambayo haifiki bei ya soda, zitapatikana shilingi 22,500. Chama kiwalipie wale 15 kwa kiasi hicho hicho, shilingi 7,500, bila kuyasoma majina yao mbele ya watu. Jumla ni shilingi 30,000 kwa juma, na 120,000 kwa majuma manne. Haimtajirishi mtu. Alitazama tarakimu zile, akasema kwamba zulia la mwaka jana lilipita hapo. Kisha akauliza kama mwalimu angekubali kuzipokea, maana amezoea kukataa. Nilimwambia ampelekee yeye mwenyewe, ndani ya bahasha, Alhamisi, kabla ya saa 9 na nusu, wakati mwalimu anapokunja nguo zake pale Kilombero.